Mchoro uliokufa kwenye mashine ya fotokopi

Najua nimepotea wiki tatu nzima, wengine mlishaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko! Nilikuwa na asaimenti mbili, testi moja na ugomvi mmoja. Asaimenti nimekusanya, testi hata sikumbuki niliandika nini, ila ugomvi ndo umebaki, na leo naumwaga wote hapa. Wale mnaokuja humu kutafuta habari za kafeteria na foleni ya maji bwenini, nivumilieni. Leo ni mambo ya kompyuta. Lakini msikimbie, maana yanatuhusu sisi walimu kuliko tunavyodhani.

Ugomvi wenyewe ni huu: kwa nini watu wanaotengeneza programu huria, watu wanaohubiri uhuru asubuhi mpaka jioni, wanatuletea miongozo yenye michoro ya PNG wakati michoro ya vekta ipo, ni bure, na ina umri wa kupiga kura?

Nilipolisema hili pale kimbwetani, mshikaji wangu mmoja wa sayansi ya kompyuta alicheka mpaka soda ikampalia. Eti, "Wewe mwalimu wa hesabu umekosa shida za kulalamikia? Picha ni picha tu!"

Picha ni picha tu. Sawa. Ngoja nikusimulie, ndugu yangu, maana pale kimbwetani ulinikatisha.

Mwaka jana kwenye TP nilipangiwa shule moja ya sekondari huko wilayani, jina naliacha. Walinipa hesabu kidato cha pili, na kwa sababu niliwahi kuonekana na laptop, nikaongezewa na somo la kompyuta hapo hapo. Wanafunzi 52, kompyuta zinazowaka sita. Intaneti hakuna, labda uende chini ya mwembe na simu yako na bando lako. Mi nikaona hapa dawa ni programu huria: hakuna leseni ya kulipia, unabeba kwenye flashi, unainstoli, kazi inaendelea. Na kweli ikaendelea. Programu zenyewe sina ugomvi nazo hata kidogo, zilinibeba.

Shida ikaja kwenye mwongozo. Wanafunzi 52 hawawezi kusoma kwenye kompyuta sita, kwa hiyo nikaamua niwatengenezee desa. Nikaprinti kurasa nilizozitaka mjini steshenari, nakala moja, halafu ile nakala nikaipeleka kwenye mashine ya fotokopi ya shule. Maandishi yalitoka safi. Ukurasa wenye mchoro wa jinsi kompyuta zinavyounganishwa na seva, ambao ndo ulikuwa moyo wa kipindi changu, ukatoka mawingu. Yaani mawingu meusi matatu na vijiti katikati. Mwanafunzi wa mbele akanyoosha mkono, "Madam, hapa kwenye hili wingu pameandikwa nini?" Nikaangalia, hata mi mwenyewe sikuweza kusoma. Ikabidi nichore upya ubaoni kwa chaki, kipindi kikaisha tukiwa hapo hapo.

Wiki mbili baadaye nikatoa jaribio. Swali la nne: chora mchoro unaoonesha kompyuta tatu zilizounganishwa na seva. Waliokuwepo siku ile ya ubaoni wengi walipata. Kulikuwa na binti mmoja ambaye siku ile hakuja, alikuwa anaumwa, akajisomea mwenyewe kwenye desa nililompa. Kwenye karatasi yake akachora mawingu matatu meusi, ameyapaka kwa kalamu kwa uangalifu kabisa, na vijiti katikati.

Jamani. Nilikaa na ile karatasi. Mtoto alifanya nilichomwambia. Alisoma desa la mwalimu akalichora kama lilivyo. Na mi ndo nilitakiwa nimwekee sifuri.

Sasa niambie tena kwamba picha ni picha tu.

Kwa wale wenzangu wa kitivo ambao neno vekta mlilizika pamoja na mitihani ya fizikia, nieleze kidogo. Kuna njia mbili za kuiambia kompyuta mchoro. Ya kwanza ni ya shanga. Unachukua trei, unapanga shanga za rangi mstari kwa mstari, mtu akikaa mbali anaona picha. Hiyo ndo PNG, ndo JPEG, na kila shanga inaitwa pikseli. Ya pili ni ya mwalimu ubaoni: "Chora duara, kitovu hapa, nusu kipenyo hiki. Vuta mstari toka hapa mpaka pale. Andika neno Seva katikati." Hiyo ndo vekta. Faili halibebi shanga, linabeba maelekezo. Ukitaka mchoro wa ukubwa wa stempu au wa ukubwa wa ukuta wa bweni, maelekezo ni yale yale, na mstari unatoka mkali vile vile.

Tupige hesabu basi, maana ndo kazi yangu. Chukua mchoro wa PNG wenye upana wa pikseli 800, uprinti ujaze upana wa ukurasa wa A4, tuseme sentimita 17. Hizo ni kama inchi 6.7. Gawanya: unapata nukta 120 kwa kila inchi. Printa ya leza ya kawaida inaweza kuweka nukta 600 kwa inchi. Maana yake kila shanga moja inapanuliwa kuwa mraba wa nukta 5 kwa 5, nukta 25 zenye rangi ile ile. Herufi iliyochorwa kwa urefu wa pikseli 10 inatoka na urefu wa milimita mbili tu, na kingo zake zina ngazi. Tena ili ionekane laini kwenye skrini, kompyuta huwa inazipaka zile kingo rangi ya kijivu. Kwenye skrini inapendeza. Kwenye karatasi kijivu kinageuka vidoti, na ukifika kwenye mashine ya fotokopi inayojua nyeupe na nyeusi tu, vile vidoti vinashikana. Hapo ndo wingu linapozaliwa. Mchoro ule ule ungekuwa vekta, printa ingeuchora kwa nukta zake zote 600, mstari mweusi kwenye karatasi nyeupe, na fotokopi ya kwanza hata ya pili ingesomeka.

Mtu atasema huko kwao hawaprinti. Ndo hoja yangu sasa! Mwongozo unaandikwa na mtu mwenye skrini nzuri na intaneti isiyokatika, anauangalia, anaona umependeza, analala. Hajui kwamba kuna nchi mwongozo unaishi kwenye karatasi, unapita kwenye steshenari, unapita kwenye mashine ya shule, unaishia kwenye daftari la mtoto.

Na hiyo ni shida ya kwanza tu. Ya pili ni lugha.

Likizo iliyofuata nikasema basi, siwezi kulia tu, nitautafsiri ule mwongozo kwa Kiswahili ili wa TP wanaonifuata waukute. Maandishi yalikwenda vizuri. Nikafika kwenye michoro, nikakwama. Maneno ya Kiingereza yamo ndani ya picha! Yamegandishwa humo, ni shanga kama shanga nyingine. Huwezi kulishika neno, huwezi kulifuta bila kufuta na ukuta wa nyuma yake. Nilijaribu kupaka mraba mweupe juu ya neno na kuandika langu juu yake. Likawa kama bango la muziki lililobandikwa juu ya bango la mgombea.

Wakubwa wetu walishatuonesha njia kwenye hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima inayoongea Kiswahili. Waliwezaje? Kwa sababu maneno ya kwenye menyu yalikuwa maandishi, yanatoleka, yanatafsirika, yanarudishwa mahali pake. Hakuna aliyewaambia wapake rangi nyeupe juu ya menyu. Hiyo ndo raha ya programu huria. Sasa kwa nini neno lililo kwenye menyu liwe huru, halafu neno lile lile likiwa ndani ya mchoro liwe mfungwa?

Faili la SVG, ambalo ndo aina ya vekta ya kwenye intaneti, ni maandishi matupu. Lifungue kwa programu yoyote ya kuandikia, hata ile nyepesi kabisa, utayaona maelekezo: huu ni mstatili, huu ni mstari, hili ni neno na linakaa hapa. Unabadilisha neno, unahifadhi, umemaliza. Watu wa Wikipedia walishalielewa hili. Kwenye ghala lao la picha, Wikimedia Commons, faili moja la SVG linaweza kubeba lugha nyingi ndani yake, na wana kifaa kinaitwa SVG Translate: unaandika maneno ya lugha yako kwenye visanduku, mchoro unatoka na lugha yako, wala hujashika brashi. Wenyewe Inkscape, programu huria ya kuchorea vekta, masomo yao yaliyo kwenye menyu ya msaada ni mafaili ya SVG. Unalifungua somo na unafanya mazoezi humo humo ndani ya somo. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Shida ya tatu ndo iliyozaa ugomvi wa mwezi huu. Niliwaandikia wenye mradi. Nikasalimia vizuri, nikaomba faili la asili la ule mchoro, lile lililochorewa kabla halijageuzwa PNG. Jibu likaja kwa upole: aliyechora alishaondoka kwenye mradi miaka mingi, faili halipo. Basi nikakaa usiku mbili, umeme ukikatika nasubiri ukirudi naendelea, nikachora upya michoro 11 kwa Inkscape, nikawatumia. Siku tisa baadaye mmoja wao akajibu: asante, lakini PNG iliyopo inaonekana sawa kwenye skrini yangu.

Kwenye skrini yangu!

Nikasoma ile sentensi mara tatu. Halafu nikafunga laptop nikaenda kufua.

Sikilizeni. Hawa ni watu ambao leseni yao ya GPL inasema msimbo chanzo ni ile hali ya kazi inayofaa zaidi kwa kuifanyia marekebisho. Ndo maana hawakubali mtu akupe programu iliyoshakaangwa tu akaficha mapishi. Vizuri sana, nawaunga mkono. Sasa PNG ya mchoro ni nini kama sio chakula kilichoshakaangwa? Mapishi yako wapi? Aliondoka nayo jamaa! Mradi umetunza kila mstari wa msimbo tangu siku ya kwanza, ukitaka kujua nani aliongeza nukta mwaka gani utaambiwa, lakini mchoro anaosoma mwanafunzi hauna chanzo. Git ikikutana na PNG iliyobadilishwa inachoweza kukwambia ni kwamba mafaili yanatofautiana, basi. Na kila ukibadilisha neno moja, linahifadhiwa faili zima jipya, na mwenye bando la mawazo kama mimi analipakua lote. SVG ikibadilishwa, unaoneshwa mstari wa zamani na mstari mpya, kama msimbo wowote.

Na kuna kichekesho. Programu zao wenyewe zimejaa vekta! Vile vialama vidogo vya KDE vya kubonyeza, folda, kalamu, mkasi, ni SVG. Mkasi wa kubonyeza umechorwa kwa heshima zote ili usivunjike kwenye skrini kubwa. Mchoro wa kumfundisha mtu ndo umetupiwa shanga.

Sasa hoja zao, maana mshikaji wangu sio mjinga na sitaki aseme nimempiga akiwa amelala.

Anasema skrinshoti haiwezi kuwa vekta. Kweli kabisa. Skrini yenyewe ni shanga, picha yake itakuwa shanga, na PNG ndo mahali pake. Simgombezi mtu kwa skrinshoti. Lakini mishale na namba unazochora juu ya skrinshoti, hizo ziweke juu yake kama vekta na utunze faili, ili mwingine akiweka skrinshoti ya Kiswahili asianze moja. Na kusema ukweli miongozo mingi ina skrinshoti nyingi mno. Toleo jipya likitoka kitufe kimehama, mwongozo mzima umeshakuwa muongo.

Anasema vivinjari havisomi SVG vizuri. Ndugu yangu, SVG ilipitishwa na W3C mwaka 2001. Kweli Internet Explorer ilichelewa sana, mpaka toleo la 9 mwaka 2011. Lakini huyo marehemu kashastaafishwa tangu 2022. Huwezi kuendelea kumtumia kama kisingizio.

Anasema fonti. Hapa namkubalia nusu. Neno kwenye SVG linategemea fonti iliyopo kwenye kompyuta ya msomaji, isipokuwepo inawekwa nyingine na neno linaweza kutoka nje ya sanduku. Kiswahili nacho kina mwili, neno "Save" likigeuka "Hifadhi" linadai nafasi, na SVG ya kawaida haikunji mstari yenyewe. Dawa yake ni kuchora masanduku yenye nafasi na kutumia fonti za kawaida. Dawa sio kugeuza herufi kuwa maumbo. Wapo wanaofanya hivyo, unafungua SVG ukiwa na furaha unakuta neno sio neno tena, ni mikunjo tu. Umerudi gerezani, umebadilishiwa selo. Na wapo wabaya zaidi: wanachukua PNG wanaivalisha kanzu ya SVG, faili lina jina la vekta, ndani ni shanga zile zile. Hao sina la kuwaambia.

Anasema SVG inaweza kubeba msimbo wa hatari, ndo maana mifumo mingine inaikataa ukiipakia. Ni kweli inaweza. Lakini mradi unaopokea msimbo wa programu kutoka kwa watu dunia nzima na kuusoma mstari kwa mstari, utashindwa kusoma mchoro? Tena ikiwekwa kwenye ukurasa kama picha ya kawaida, vivinjari haviendeshi huo msimbo.

Mwisho akaniletea leseni ya nyaraka, ile GFDL, eti inaitaja PNG miongoni mwa aina zilizo wazi. Nikaenda kuisoma. Ndio, inaitaja. Lakini inatenganisha picha za pikseli na michoro, na kwa michoro inazungumzia programu za kuchorea. Kwa hiyo hata hapo sikushindwa, tumetoka sare. Mwambieni aninunulie chipsi.

Na ninachodai sio kikubwa. Kila mchoro wa mwongozo, sisemi skrinshoti, uwe SVG tangu mwanzo. Maneno yabaki maneno. Faili la asili likae kwenye mradi, sio kwenye kompyuta ya mtu. Asiyejua kuchora atumie Graphviz, unaandika tu nini kimeungana na nini, mchoro unajichora wenyewe na unatoka SVG. Na ndani ya mchoro andikeni maelezo yake, SVG ina mahali pa kichwa na maelezo, wenzetu wasioona wasomewe na kompyuta. Hapa darasani kwetu tunao, mnawajua, kila siku wanauliza "hapo kwenye picha kuna nini?" na sisi tunajibu "aa, mchoro tu".

Na nijiseme na mimi, kabla hamjanisema. Yule aliyesema "kwenye skrini yangu" nilimkasirikia wiki nzima, halafu nikakumbuka kitu. Siku ile steshenari, kabla sijapeleka nakala shuleni, mimi mwenyewe niliufungua ule ukurasa kwenye laptop. Nikauona mzuri. Fotokopi niliziangalia mbele ya wanafunzi, siku ya kipindi. Yaani hata mwalimu aliyekuwa pale pale hakuangalia karatasi ya mtoto.

Yule binti sikumpa sifuri. Nilimwita, nikamwambia wingu ni kosa la karatasi na sio lake, nikamchorea kwenye daftari lake, swali akalirudia kesho yake akapata. Lakini mi niliondoka baada ya wiki nane, na ile nakala yenye mawingu nadhani bado iko ofisini kwenye kabati.

Michoro yangu 11 iko kwenye flashi, ya Kiswahili, inasomeka hata ikifotokopiwa mara tatu, nimejaribu. Anayekwenda TP mwaka huu na atafundisha kompyuta anitafute, bweni mnalijua. Na wenye mradi nimewaandikia tena jana usiku. Safari hii sikuandika maelezo mengi, niliskani tu ule ukurasa wa fotokopi nikawatumia, nikauliza: hapa kwenye hili wingu pameandikwa nini?

Nasubiri jibu. Na nyie leteni maoni, hata matusi ya heshima ruksa. Ngoja nikimbilie kafeteria kabla wali haujaisha. Alamsiki.